Mke Sura ya 13, mume Sura ya 7: namna wanandoa wanavyofungua kesi tofauti za kufilisika Marekani

Sheria ya ufilisi ya Marekani inawaruhusu mume na mke kupeleka ombi moja la pamoja na kulipa ada moja. Ila ombi hilo lazima liwe la sura moja. Mmoja akitaka Sura ya 7, ile mawakili wa huko wanayoiita Chapter 7, na mwenzake akitaka Sura ya 13, hakuna fomu ya kuwaunganisha. Kila mmoja atafungua kesi yake, yenye namba yake, ada yake na mfilisi wake, yaani msimamizi anayeteuliwa kuisimamia kesi (trustee).

Wapo watu wetu wa Dallas, Minneapolis, Lowell na Louisville ambao hawajui kwamba jambo hili linawezekana, na wapo wanaolijua nusu wakalikimbilia hata pale lisipowafaa. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili, maana sheria za mali hubadilika ukivuka tu mpaka wa jimbo. Utakusaidia kuingia ofisini kwake ukijua la kuuliza. Na nitangulize maoni yangu: wanandoa wengi wanatoka vizuri zaidi na ombi la pamoja, au kwa mmoja wao tu kufilisika na mwingine kubaki nje kabisa. Kesi mbili za sura mbili ni dawa ya hali chache. Hali hizo nitazitaja.

Sura hizi mbili zinafanya nini

Sura ya 7 inafuta. Unaorodhesha mali zote na madeni yote, mfilisi anaangalia kama kuna mali isiyokingwa na sheria, na akiipata anaiuza na kuwagawia wadai. Kesi nyingi hazina mali ya namna hiyo, kwa hiyo hakuna kinachouzwa, na baada ya kama miezi minne tangu kufungua, madeni yanayofutika yanafutwa. Ada ya mahakama ni dola 338, na mwenye kipato kidogo sana anaweza kuomba asamehewe.

Sura ya 13 inalipa kidogo kidogo. Unabaki na mali zako, unapeleka mpango wa miaka 3 hadi 5, unamlipa mfilisi kila mwezi, naye anawagawia wadai. Mwishoni salio la madeni mengi ya kawaida linafutwa. Ada yake ni dola 313. Aliyechelewesha malipo ya nyumba akaandikiwa barua ya kunyang'anywa hukimbilia huku, kwa sababu Sura ya 7 haina utaratibu wa kulipa malimbikizo taratibu huku ukiendelea kukaa ndani.

Kwa sura zote mbili, siku unapofungua kesi wadai wanazuiwa papo hapo: simu, kesi za madai, makato ya mshahara, mnada wa nyumba, vyote vinasimama. Yapo madeni yasiyofutika kirahisi popote: matunzo ya watoto, kodi za mapato za miaka ya karibuni, mikopo ya masomo, madeni ya ulaghai.

Hatua ya 1: Andikeni nani anadaiwa nini

Kaeni chini na karatasi yenye safu tatu: ya mume peke yake, ya mke peke yake, ya wote wawili. Saini ndiyo inayoamua, hata kama hela alikula mwingine. Kila mmoja avute ripoti zake za mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kupitia annualcreditreport.com ni bure. Msivute ya mmoja mkadhani inatosha.

Madeni mengine yanahama safu bila nyie kujua. Mliojaza kodi ya mapato kwa pamoja mnadaiwa kodi hiyo wote wawili. Bili ya hospitali ya mke inaweza kumfuata mume hata kama hakusaini, kwa kuwa majimbo kadhaa yana kanuni inayowabebesha wanandoa gharama za lazima za mwenzao. Aliyeongezwa tu kwenye kadi ya mwenzake ili aweze kuitumia, kwa kawaida si mdaiwa. Aliyesaini maombi ya kadi ni mdaiwa.

Waliokuja kama wakimbizi waandike pia deni la tiketi ya ndege la IOM, lile Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Deni la shemeji aliyewakopesha hela ya lori liandikwe. Sheria inataka kila deni, na haina kipengele cha "huyu ni wa nyumbani, tutamalizana wenyewe".

Hatua ya 2: Andikeni mali zote, za nyumbani Afrika nazo

Hapa ndipo watu wetu wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria inasema mali ya aliyefilisika inahesabiwa popote ilipo na yeyote aliyeishika. Kiwanja cha Kitengela kinahesabiwa. Nyumba ya Mwanza iliyofika kwenye lenta inahesabiwa. Shamba la Beni lililoandikwa jina la kaka wakati hela zimetoka Iowa linapaswa kutajwa, pamoja na maelezo ya nani hasa mwenye nalo. Hisa za SACCO, salio la M-Pesa, akaunti ya benki uliyoifungua mwaka ule ulipokwenda likizo, vyote vinaingia. Kuvificha kwa kukusudia ni jinai ya shirikisho yenye kifungo cha hadi miaka 5, na hata usipofikishwa huko, jaji anaweza kukunyima msamaha wa madeni yote.

Upatu nao una mahali pake, na chama na likelemba pia. Kama umechangia na zamu yako bado, wewe ndiye unayewadai wenzako: hiyo ni mali. Kama umeshapokea na bado unachangia, wewe ndiye mdaiwa: hilo ni deni, na kila mwanachama ni mdai wako.

Fomu ya taarifa za fedha inauliza pia zawadi za zaidi ya dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka 2 iliyopita. Hela mnazomtumia mama kila mwezi zinafika huko haraka. Inauliza kama ndani ya mwaka mmoja umelipa deni la ndugu. Ukimlipa mjomba dola 4,000 mwezi wa tatu ukafilisika mwezi wa tisa, mfilisi ana haki ya kumfuata mjomba azirudishe. Na msiandikishane mali. Mume akimhamishia mke gari au kiwanja ili kesi yake ya Sura ya 7 ionekane nyepesi, fomu inauliza uhamishaji wa miaka 2, na sheria za majimbo mengi zinamruhusu mfilisi kurudi nyuma zaidi ya hapo. Wanandoa ndio wanaotazamwa kwanza.

Hatua ya 3: Je, mna sababu ya kweli ya kuachana sura?

Sababu ninazoziona zina uzito ni hizi.

Mmoja aliwahi kufutiwa madeni. Aliyepata msamaha wa Sura ya 7 hawezi kuupata tena kwa Sura ya 7 mpaka ipite miaka 8, ikihesabiwa kutoka siku ya kufungua kesi ya kwanza hadi siku ya kufungua ya pili. Kwa Sura ya 13 anasubiri miaka 4 tu. Kwa hiyo mke aliyefilisika kabla ya kuolewa, miaka 5 iliyopita, atakwenda 13 huku mume asiye na historia akienda 7.

Mmoja ana kitu cha kuokoa na mwingine hana. Nyumba iko kwa jina la mke na ina malimbikizo. Mume ana kadi na bili za hospitali tu. Au mke ana gari alilonunua zaidi ya siku 910 zilizopita, linalodaiwa hela nyingi kuliko thamani yake: Sura ya 13 inaweza kushusha deni hilo lenye dhamana hadi kwenye bei halisi ya gari.

Mmoja ana madeni ya biashara. Dereva mwenye lori lake aliyedhamini mikopo kwa jina lake, ikiwa zaidi ya nusu ya madeni yake ni ya biashara, hapitishwi kwenye kipimo cha kipato cha Sura ya 7 nitakachokieleza chini. Mkewe muuguzi mwenye ovataimu nyingi anaweza kukwama kwenye kipimo hicho hicho.

Mmoja ana madeni makubwa mno. Sura ya 13 ina ukomo: tangu Aprili 2025 ni dola 526,700 kwa madeni yasiyo na dhamana na dola 1,580,125 kwa yenye dhamana. Viwango hivi hurekebishwa kila baada ya miaka 3.

Mmoja ana deni la talaka ya zamani. Mgawanyo wa mali anaodaiwa na mtalaka wake haufutiki kwa Sura ya 7, ila unaweza kufutika kwa Sura ya 13. Matunzo ya mtoto hayafutiki kokote.

Kama sababu yenu haimo humu na ni "tugawane ili mmoja abaki na jina safi", basi mnachokitaka ni mmoja kufilisika na mwingine kutulia. Rekodi ya kufilisika hubaki kwenye ripoti ya mikopo hadi miaka 10. Kesi mbili zinawachafua wote wawili.

Hatua ya 4: Angalieni mnaishi jimbo gani

Majimbo 9 yanahesabu mali iliyochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote: Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin. Kwenye majimbo haya mume akifungua kesi peke yake, sehemu kubwa ya mali ya ndoa inaingia kwenye kesi yake, hata iliyo kwa jina la mke. Sasa mke naye akifungua yake ya sura nyingine, mali ile ile inavutwa na kesi mbili. Nani kafungua kwanza linakuwa jambo zito. Kuna faida pia: msamaha wa mmoja unaweza kuikinga mali ya ndoa itakayochumwa baadaye dhidi ya wadai wa ndoa hiyo, na wakati mwingine kinga hiyo inafanya kesi ya pili isihitajike. Ukiwa Houston au Seattle, swali la kwanza kwa wakili liwe hilo.

Kwingine ramani ni nyingine. Maryland, Pennsylvania, Florida na majimbo kadhaa yana umiliki maalumu wa nyumba kwa wanandoa, ambapo mdai wa mmoja hawezi kuigusa nyumba ya wote. Mume akifilisika peke yake kwa madeni yake peke yake, nyumba inakaa salama. Likiwepo deni walilosaini wote, ukuta huo unatoboka. Ndiyo maana ile safu ya tatu ya karatasi yenu ina thamani kuliko mbili za kwanza.

Halafu kuna kinga za mali, yaani kiasi cha mali ambacho sheria inakuachia na mfilisi hawezi kukiuza. Majimbo mengine yanakulazimisha kutumia orodha yao. Mengine, kama Texas, Minnesota, Massachusetts na Washington, yanakuachia uchague orodha ya jimbo au ya shirikisho. Ya shirikisho inakinga dola 31,575 za thamani ya nyumba na dola 5,025 za gari kwa kila mwombaji. Kama umehamia jimbo hilo ndani ya siku 730 zilizopita, unaweza kurudishwa kwenye sheria za ulikotoka.

Hatua ya 5: Pigeni hesabu ya kipato kwa kipimo cha mahakama

Anayetaka Sura ya 7 na madeni yake mengi ni ya matumizi ya nyumbani hupimwa kipato. Wanachukua wastani wa miezi 6 kamili kabla ya mwezi wa kufungua, wanazidisha kwa 12, wanalinganisha na kipato cha kati cha jimbo kwa kaya ya ukubwa wenu. Na hapa watu hushtuka: mkiwa mnaishi pamoja, kipato cha mwenzako kinaingia hata kama yeye hayumo kwenye kesi yako.

Tuseme mume anaingiza dola 3,100 kwa mwezi na mke dola 5,200. Mume peke yake angekuwa na 37,200 kwa mwaka na angepita bila jasho. Kwa kipimo hiki ana 99,600.

Ikizidi kiwango cha jimbo, mlango haujafungwa. Anajaza fomu ya pili, na juu kabisa ya fomu hiyo kuna punguzo la ndoa: sehemu ya kipato cha mke isiyotumika kwa matumizi ya mume na wanaomtegemea inaondolewa. Fomu yenyewe inataja mifano kama mke kulipa deni lake la kodi, au kuwatunza watu ambao mume hawategemezi. Mke anayetuma dola 400 kila mwezi kwa wazazi wake Kisumu ana hoja hapo, mradi risiti za kutuma hela zipo na hazijaanza mwezi uliopita. Hata hela za mume kwa wazazi wake zinaweza kuhesabiwa kama gharama yake, iwapo ni wazee, wagonjwa au walemavu wasioweza kujilipia. Tafuteni vyeti vya daktari na risiti mapema. Mfilisi hatakubali kauli ya "kwetu ndivyo tunavyoishi".

Waliotengana, wakiwa na nyumba mbili kwa sababu za kweli, wanaweza kuapa hivyo na kila mmoja akapimwa peke yake. Kutengana kwa karatasi huku mkilala kitanda kimoja ni kiapo cha uongo.

Kwa upande wa mke wa Sura ya 13, kipato cha mume nacho kinahesabiwa katika kuamua urefu wa mpango. Kikizidi kiwango cha jimbo, mpango ni wa miaka 5, isipokuwa kama madeni yote yatalipwa kamili mapema.

Hatua ya 6: Tazameni madeni ya pamoja na nyumba

Sura ya 13 inamkinga na mwenza. Mke akifungua, mdai wa deni la matumizi ya nyumbani walilosaini wote haruhusiwi kumfuata mume wakati kesi inaendelea, isipokuwa jaji amruhusu, kwa mfano pale mpango wa mke hauna nia ya kulipa deni hilo. Madeni ya biashara hayana kinga hiyo. Sura ya 7 haina kinga ya mwenza kabisa: mume akifutiwa deni la pamoja, mdai anageuka na kumdai mke lote.

Hiyo inaweka wazi kwa nini wengine hawahitaji kesi mbili. Kama karibu madeni yote ni ya pamoja na ya nyumbani, Sura ya 13 ya mmoja inaweza kuwafunika wote, mradi mpango unayalipa. Wenye kesi mbili wanapata kitu kingine: mume anatoka kwenye deni la pamoja moja kwa moja, na mke peke yake ndiye anayelibeba kwenye mpango.

Sasa nyumba. Mkiimiliki wote, kesi ya Sura ya 7 ya mume inaiweka nusu yake mezani. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 320,000 na mkopo umebaki 262,000. Thamani yenu halisi ni 58,000, nusu ya mume ni 29,000, na kinga ya shirikisho ya 31,575 inaifunika. Mko salama. Ila nyumba za Marekani zimepanda bei. Thamani halisi ikiwa 120,000, nusu ya mume ni 60,000, na mfilisi anaweza kuiomba mahakama iuzwe nyumba nzima, kisha mke apewe sehemu yake kwa fedha taslimu. Mke atakuwa amefungua Sura ya 13 kuokoa nyumba ambayo kesi ya mumewe inaiweka sokoni. Pateni makadirio ya bei ya leo kabla ya mtu yeyote kusaini chochote, na kama namba haziko upande wenu, mume naye aende 13 au asubiri.

Msamaha wa mume pia hauondoi dhamana iliyo juu ya nyumba. Anaacha kudaiwa yeye binafsi, benki inabaki na haki yake juu ya nyumba, na mke anaendelea kulipa rehani ya kila mwezi pamoja na malimbikizo kupitia mpango.

Hatua ya 7: Wakili, na kama ni mmoja au wawili

Mwambieni wakili tangu simu ya kwanza kwamba mnafikiria sura tofauti. Wakili mmoja akiwawakilisha wote, maslahi yanaweza kugongana: deni la pamoja likifutwa kwa mume linamwangukia mke. Wengine watawaomba msaini ridhaa, wengine watamchukua mmoja na kumpeleka mwingine kwa mwenzao. Mkiwa na dalili za kuachana, chukueni wawili. Ada ya wakili wa Sura ya 7 kwa kawaida hulipwa kabla ya kufungua. Ya Sura ya 13 inaweza kuingizwa kwenye mpango.

Jihadharini na wajaza fomu wa mitaani, wale wanaojaza fomu za uhamiaji asubuhi na za ufilisi jioni. Sheria inawaruhusu kuchapa unachowaambia, haiwaruhusu kukushauri sura gani uchague wala mali gani ikingwe. Kwa jambo la kesi mbili, ushauri ndio kazi yenyewe.

Kuhusu karatasi za uhamiaji: huhitaji kuwa raia ili kufilisika. Unayeishi Marekani au mwenye mali huko unaruhusiwa, na kufilisika kwenyewe si kosa la jinai. Kama kuna kodi ambayo haikujazwa au mali iliyofichwa, ongeeni na wakili wa uhamiaji kabla ya kufungua.

Kila mmoja lazima asome somo la ushauri wa mikopo kwa wakala aliyeidhinishwa ndani ya siku 180 kabla ya kufungua kesi yake. Cheti cha mume hakimfai mke.

Hatua ya 8: Jazeni fomu mkiwa meza moja

Kesi ni mbili, kaya ni moja, na wafilisi wanasomeana mafaili. Fomu ya 101, ile ya kwanza kabisa, inauliza waziwazi kama mwenzi wako ana kesi au anafungua nyingine. Majibu yanapaswa kuitikiana.

Kodi ya nyumba ya dola 1,900 isijitokeze nzima kwenye bajeti ya mume na nzima tena kwenye ya mke. Kila mmoja aonyeshe kipato cha mwenzake, na malipo ya mpango wa mke yaonekane kwenye picha ya kaya ya mume. Watoto wahesabiwe sawa pande zote. Kwenye orodha ya wadaiwa wenza, kila mmoja amtaje mwenzake kwa madeni yale yale. Thamani ya gari ikiwa 9,000 kwa mke isiwe 6,500 kwa mume. Na mahakama ikiamuru kesi zenu ziendeshwe pamoja, hamruhusiwi mmoja kutumia orodha ya kinga ya jimbo na mwingine ya shirikisho.

Hatua ya 9: Kufungua, na siku zinazofuata

Nani aanze? Nyumba ikiwa na tarehe ya mnada, mke wa Sura ya 13 aanze, kabla ya tarehe hiyo. Bila dharura, mawakili wengi watapanga kwa kuangalia miezi 6 ya kipato: kama ovataimu ya mke ilikuwa nyingi Novemba na Desemba, mume akisubiri hadi miezi hiyo itoke kwenye wastani anaweza kupita kipimo alichokuwa anaanguka.

Malipo ya kwanza ya mpango yanatakiwa ndani ya siku 30 tangu kufungua, hata kama jaji hajaupitisha. Kikao cha wadai, siku hizi mara nyingi kwa Zoom, hufanyika siku 21 hadi 40 baada ya kufungua kwa Sura ya 7, na hadi siku 50 kwa Sura ya 13. Kila mmoja ana kikao chake. Andaa kitambulisho chenye picha, uthibitisho wa namba ya Social Security au ITIN (namba ya mlipakodi asiye na Social Security), na hakikisha ripoti ya kodi imefika kwa mfilisi angalau siku 7 kabla. Mkalimani wa simu anapatikana bure kwenye kikao hiki. Wakili aombe mapema, na ataje ni Kiswahili cha wapi. Mtoto wa sekondari si mkalimani wa kikao cha kiapo.

Mume asisahau somo la pili, la usimamizi wa fedha, ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza ya kikao. Asipolifanya kesi inafungwa bila msamaha, na kuifungua upya ni ada nyingine. Mke anatakiwa kulimaliza kabla ya malipo yake ya mwisho.

Hatua ya 10: Mume ameshatoka, mke bado yumo

Miezi minne baadaye mume yuko huru na mke ana miaka mbele yake. Mshahara wa mume ukipanda, mfilisi wa mke anaweza kutaka mpango uongezwe, maana kipato cha kaya kimebadilika. Mke haruhusiwi kuchukua mkopo mpya, wa gari kwa mfano, bila idhini. Mume anaweza kisheria, ila deni lake jipya litaonekana kwenye bajeti ya nyumba na litaleta maswali. Marejesho ya kodi mnayojaza pamoja nayo yanaguswa: mfilisi wa mume anaweza kudai sehemu ya mume kwa mwaka wa kesi, na wafilisi wengi wa Sura ya 13 wanataka ya mke kila mwaka. Ulizeni mapema kama kujaza kodi kila mtu kivyake kunawafaa.

Mpango ukimshinda mke, kwa kuumwa au kupoteza kazi, ana njia tatu: kuomba malipo yapunguzwe, kuibadilisha kesi iwe Sura ya 7 kama anastahili, au kuifuta. Akiifuta, ile kinga ya mwenza inaisha siku hiyo hiyo. Mume aliyefutiwa deni la pamoja hana wasiwasi. Lakini deni lolote la pamoja ambalo mume alilisaini baada ya kesi yake kufunguliwa halikufutwa, na mdai atampigia yeye simu kwanza.